Kabla Hujanunua Pampu Mpya ya Dizeli, Tazama Chujio

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba gari lake la dizeli liliwaka vizuri asubuhi ya baridi kali, likaenda mwendo mfupi, kisha likapoteza nguvu na kuzimika, na sasa fundi anamtaka anunue pampu mpya. Ujumbe huo umenitonesha kidonda, kwa kuwa maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikalipa, na pampu iliyotolewa haikuwa na kasoro yoyote.

Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo hujitenga ikawa chembechembe, nazo huziba chujio hata kabla mafuta ya tangini hayajaganda. Ndiyo maana gari huwaka kwa mafuta yaliyokwisha kupita kwenye chujio, halafu likazimika. Dizeli ya majira ya joto inaweza kuanza kutoa nta karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi huvumilia hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na nyingine zaidi ya hapo. Kwa hiyo tumia mafuta ya zamani yaishe, ujaze ya baridi mapema. Dawa ya kuzuia kuganda nayo itiwe dizeli ikiwa bado safi, maana kazi yake ni kuzifanya chembe za nta zibaki ndogo, wala haiyeyushi nta iliyokwisha kuganda. Usichanganye petroli kamwe: dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na ukiipunguzia ulaini huo utaiua kweli.

Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, hivyo ni lazima stata izungushe kwa kasi. Betri dhaifu na oili nzito haviwezi kazi hiyo. Subiri pia taa ya plagi za kupasha joto izime ndipo uwashe. Tangu nianze kuyafuata haya, gari langu huwaka kila asubuhi, na ninajivunia hilo waziwazi.

Nawe ndugu msomaji, usitoe fedha bado. Liingize gari mahali penye joto likae saa kadhaa, mwage maji yaliyotuama chini ya chujio, kisha ubadilishe chujio lenyewe. Likiwaka na kwenda bila kukosa nguvu, pampu yako ni nzima, na fundi huyo umwambie hivyo.