Kifundo bado kinavimba, na washikaji wanakuita uwanjani

Pole sana kaka. Umesema kifundo cha mguu kiliteguka mkicheza mpira Coco Beach, bado kinavimba jioni, na washikaji wanakushauri umeze diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ushushie na wiski ili Jumamosi ucheze. Nakusihi, usifanye hivyo. Dawa hiyo peke yake inaweza kuleta vidonda vya tumbo. Ukiongeza pombe kali, hatari ya kutokwa damu tumboni inapanda. Tena ukiyazima maumivu, utakanyagia kano ambazo hazijapona.

Jipime hivi: simama kwa mguu ulioumia, mkono karibu na ukuta, sekunde 30. Kikiyumba au kuuma, mpira bado. Rudia kila siku, halafu ongeza kujiinua kwa vidole taratibu. Hayo yakienda bila maumivu, anza kutembea Daraja la Tanzanite alfajiri, kabla jua halijawaka. Ila kama huwezi kupiga hatua nne, au mfupa unauma ukiubonyeza, wahi hospitali ukapigwe picha ya eksirei. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, hiyo ndiyo kazi yao.

Washikaji usiwakimbie. Nenda kijiweni kama kawaida, agiza soda, cheza nao drafti, mguu ukiwa juu ya kiti cha pili.