Piki inanguruma mbele? Usikimbilie beringi

Msomaji wa Kayole anauliza: Boxer yake ya zamani inanguruma gurudumu la mbele, amebadilisha beringi mara mbili ndani ya miezi michache, na kelele imerudi. Je, ameuziwa feki? Feki zipo sokoni, lakini beringi mpya zikifa kwa kufuatana namna hiyo, mshukiwa wa kwanza ni ufungaji.

Anza kwa kusikiliza. Tafuta barabara tulivu, shika klachi piki ikiwa kwenye mwendo, injini itulie. Ngurumo nzito inayopanda na kushuka na mwendo ni beringi, au tairi lililolika mawimbimawimbi. Ukishasimama, pitisha kiganja juu ya tairi utayahisi. Mlio mwembamba unaobadilika ukigusa breki ni breki shu. Ukisikia "ko!" unapobana breki au kuvuka tuta, angalia golori za stelingi na bushi za shokapu. Mlio wa haraka kama saa huenda ni gia ya spidomita: chomoa kebo, ukague na upake grisi. Spoki nazo zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea haina mlio, inatoa sauti butu.

Kisha simamisha piki kwa stendi kubwa, gurudumu la mbele lielee. Lizungushe huku umeshika mguu wa shokapu: beringi mbovu utaihisi mkononi ikikwaruza kabla hata sikio halijaisikia. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza lenyewe, ni beringi. Ikicheza shokapu yote pamoja nalo, ni golori za stelingi, na hapo gurudumu halina kosa.

Ukithibitisha ni beringi, soma namba iliyochorwa ubavuni mwake, uende kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road nayo mkononi. 6301 ina tundu la milimita 12, upana wa nje 37 na unene 12. 6201 ina tundu hilohilo la 12, lakini nje ni 32 na unene 10, kwa hiyo kupimia ekseli peke yake kutakudanganya. Chukua yenye 2RS, yaani sili ya mpira pande zote mbili. Matope ya msimu wa mvua na maji ya presha ya kuoshea piki ndiyo yanayomaliza grisi, kwa hiyo mwambie anayeosha asielekeze bomba katikati ya gurudumu.

Sasa spesa, ambayo mafundi wengi wanaidharau. Ni bomba fupi linalokaa kati ya beringi mbili, ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Likipotea, au likiwa limelika likawa fupi, ukikaza nati ya ekseli unazisukuma ringi za ndani zikutane, golori zinabanwa kando, na beringi mpya inakufa mapema. Gonga beringi ya kwanza hadi ikae, tia spesa, kisha gonga ya pili mpaka iguse spesa tu. Gonga ringi ya nje pekee, ukitumia beringi kuukuu au soketi ya upana huo. Nyundo kwenye ringi ya ndani inachimba njia ya golori, na ngurumo inaanza siku hiyohiyo.

Breki shu zikibaki na milimita 2 za bitana, yaani ile sehemu inayosugua dramu, badilisha. Vumbi la dramu lipanguse kwa kitambaa kibichi, usilipulize. Huenda lina asbesto.

Wakati wa kurudisha, hakikisha mfereji wa pleti ya breki, ile inayobeba shu, umeingia kwenye jino la mguu wa shokapu. Usipoingia, pleti itazunguka ukibana breki, gurudumu lifunge, na utaruka juu ya usukani. Hapo hakuna kukisia, piga magoti utazame.

Endesha kilomita tano, simama, uguse habu. Uvuguvugu ni sawa. Ikiunguza, ama shu zinakwama ama beringi imebanwa: fungua tena, uanze na spesa.