DLL Haipo? Usitafute Faili, Tafuta Pakiti Lilikotoka

Mwaka 2016 nilikuwa na meza moja tu ndani ya steshenari ya watu hapa Morogoro. Nalipia meza kwa mwezi, natengeneza kompyuta. Siku moja akaja dada mmoja, mhasibu wa SACCOS ndogo ya wafanyabiashara wa sokoni, amebeba laptopu kwenye mfuko wa kitenge. Walikuwa wameletewa toleo jipya la programu yao ya hesabu. Alikuwa amelisakinisha mpaka mwisho bila shida yoyote, lakini kila akiifungua kinatokea kidirisha kile kile: programu haiwezi kuanza kwa sababu MSVCR100.dll haipo kwenye kompyuta hii.

"Kaka, keshokutwa nina kikao cha bodi," akaniambia. Nikamwomba aniachie mashine, aje jioni.

Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hukifanya. Niliandika jina la faili kwenye Google, nikaangukia tovuti inayogawa DLL bure, nikapakua, nikabandika ndani ya C:\Windows\System32. Nikafungua programu: faili halipo. Nikarudi System32, nikaliona kwa macho yangu limekaa pale, MSVCR100.dll, herufi kwa herufi. Nikafungua tena programu: halipo. Nikalibandika na kwenye folda ya SysWOW64, na hapo ujumbe ukabadilika, ikaja namba 0xc000007b. Kufika saa kumi na moja jioni nilishajaribu mafaili matatu kutoka tovuti tatu tofauti, na antivirasi ilishaanza kulalamika. Nikaamua kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha tena.

Nilinakili Desktop yake, Documents, Downloads na picha zake. Sikujua kwamba programu ile ilikuwa inatunza kumbukumbu zote za SACCOS ndani ya folda yake yenyewe, kule kule kwenye diski ya C inayofutwa pamoja na Windows. Nakala ya mwisho waliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu ya akiba, hisa na marejesho ya mikopo ya watu ikaondoka pamoja na Windows ya zamani. Kikao kiliahirishwa. Nilikaa naye jioni nne mfululizo, yeye akisoma stakabadhi moja baada ya nyingine, mimi nikiandika. Hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba tatizo lile lilikuwa la dakika kumi. Kila wiki bado nakutana na watu waliofika hapo hapo nilipofika mimi siku ile, wengine wameshalipa kupigiwa Windows mara mbili kwa kosa ambalo halikuhitaji hata kuigusa Windows. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

DLL ni faili lenye kazi ambazo programu nyingi huzihitaji, likawekwa mahali pamoja ili kila programu isilazimike kuja na lake. Ichukulie kama kinu cha uani kwenye nyumba ya wapangaji. Mpangaji mpya anahamia na godoro lake na masufuria yake, lakini kinu hakibebi, kwa kuwa anategemea kukikuta. Asipokikuta, viungo havitwangwi, hata kama vyombo vyake vingine vyote ni vipya. Programu iliyoandikwa kwa Visual C++, chombo cha Microsoft cha kuandikia programu, inahamia kwenye kompyuta yako kwa namna hiyo hiyo. Watengenezaji makini huambatanisha kinu kwenye kisakinishi chao. Wengine husahau, au hudhani tayari unacho.

Na DLL hizi hazitoki moja moja. Zinatoka zikiwa kundi, kwenye pakiti ambayo Microsoft wanaitoa bure kwenye tovuti yao kwa jina la Visual C++ Redistributable. Jina la faili lililokosekana ndilo linalokuelekeza kwenye pakiti yake. Ukiona MSVCR au MSVCP imefuatiwa na 90, hiyo ni pakiti ya 2008. 100 ni ya 2010, 110 ni ya 2012, 120 ni ya 2013. Ikifika 140 mambo yanakuwa mepesi, maana 2015, 2017, 2019 na 2022 zote zimewekwa kwenye pakiti moja. MSVCP140.dll, VCRUNTIME140.dll na VCRUNTIME140_1.dll zote zinatoka humo. Hiyo ya mwisho, yenye _1, ilikuja na toleo la 2019, kwa hiyo mtu aliyesakinisha pakiti ya 2015 anaweza kukuapia kwamba anayo, na bado akaambiwa haipo. Asakinishe mpya juu ya ile ya zamani, yatakwisha.

Lakini pakiti mpya haibebi kazi ya zile zilizo chini ya 140. Programu inayotaka 2010 haitaridhika na 2022. Ukifungua orodha ya programu zako ukakuta Visual C++ saba au nane zenye miaka tofauti, usizifute ukidhani zimejirudia. Nimeletewa mashine kadhaa zilizoharibika hivyo tu: mtu alikuwa anatafuta nafasi kwenye diski, akafuta zile alizoona ni za zamani, kesho yake nusu ya programu zake hazifunguki. Zote kwa pamoja zinakula nafasi ndogo sana. Ziache.

Sasa lile fumbo la faili ninaloliona kwa macho lakini programu hailioni. Windows na programu huwa za aina mbili, biti 32 na biti 64, na kwenye Windows ya biti 64 majina ya folda yamekaa kinyume na unavyotarajia. System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye ya biti 32. Programu ya biti 32 ikiomba kitu kutoka System32, Windows inaielekeza kimya kimya SysWOW64. Programu ya SACCOS ilikuwa ya biti 32. Nilipoweka faili System32, yenyewe ilikuwa inatazama chumba kingine kabisa. Nilipolihamishia SysWOW64 ikaliona, ila faili nililolipakua lilikuwa la biti 64, haviingiliani, na hapo ndipo 0xc000007b ilipozaliwa. Ukikutana na namba hiyo, kitu cha kwanza kukishuku ni kuchanganyika kwa biti 32 na 64.

Kwa hiyo kwenye Windows ya biti 64 sakinisha pakiti zote mbili, ya x86 (ndiyo biti 32) na ya x64 (ndiyo biti 64). Kwa toleo la sasa mafaili yanaitwa vc_redist.x86.exe na vc_redist.x64.exe, na yote mawili hayafiki MB 50, kwa hiyo hayamalizi bando la mtu. Watu wengi huchukua x64 peke yake kwa kuwa kompyuta yao ni ya biti 64. Lakini kinachoamua ni programu, na programu za ofisini na mashuleni bado nyingi ni za biti 32. Ukimaliza kusakinisha, zima uwashe kompyuta kabla hujasema imekataa.

Kuhusu zile tovuti za DLL, siziamini hata kidogo, na sababu si kwamba nilishindwa nazo. DLL inapoitwa huingia ndani ya programu na kufanya kazi kwa mamlaka yote ya programu hiyo. Ukiweka faili usilojua limetoka wapi ndani ya programu ya fedha za watu, umemkaribisha mgeni usiyemjua mpaka chumba cha ndani. Hata likiwa safi, hujui ni la toleo gani, na wenzake waliotakiwa kuja nalo hawapo. Ndiyo maana ukiweka moja inakosekana nyingine, ukiweka hiyo inakosekana ya tatu.

Windows 7 ina tatizo lake. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, lakini ofisini na mashuleni bado naikuta. Humo kosa la kawaida ni jina refu: api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll. Watu hulitafuta hilo kwenye tovuti zile zile. Ni sehemu ya kitu kiitwacho Universal C Runtime, ambacho Windows 10 na 11 zinacho tangu kuzaliwa, ila Windows 7 inakipata kwa sasisho lenye namba KB2999226. Sasisho hilo linakataa kuingia kama Windows 7 yenyewe haina Service Pack 1, yaani kifurushi chake kikubwa cha masasisho. Andika winver kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza Enter, utaona kama unayo. Kama huna, anza na hiyo.

Michezo sitaikalia sana. Ukiambiwa d3dx9_43.dll au xinput1_3.dll haipo, usihangaike kutafuta toleo jipya la DirectX, ile pakiti ya Microsoft ambayo michezo huitegemea. Windows 10 ina DirectX 12, lakini haiji na mafaili hayo ya zamani. Yanapatikana kwenye pakiti ya DirectX ya Juni 2010, iliyopo kwa Microsoft.

Kwa programu za uhasibu na za shule, kinachosumbua sana ni .NET Framework 3.5, pakiti nyingine ya Microsoft ambayo programu hizo huitegemea. Windows inakuuliza kama uipakue, unakubali, inazunguka, halafu inakuletea 0x800F081F, maana yake imeshindwa kupata mafaili ya kusakinishia. Sehemu ambazo intaneti ni ya kubahatisha hili ni la kila siku. Chukua flashi ya kusakinishia Windows ya toleo lile lile lililoko kwenye mashine, ichomeke, angalia imepewa herufi gani, kisha fungua Command Prompt kwa kubonyeza kulia na kuchagua kuiendesha kama msimamizi. Kama flashi ni D, andika:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess

Inaingia bila kugusa intaneti.

Kuna wakati faili lililokosekana ni la Windows yenyewe. Mfano ni msvcrt.dll, ile isiyo na namba yoyote mbele yake. Hiyo haitoki kwenye pakiti yoyote ya Visual C++, kwa hiyo ikipotea au kuharibika ni Windows iliyoumia, mara nyingi kwa diski kuanza kufa, umeme kukatika katikati ya sasisho, au virusi. Kwenye Windows 10 na 11, ndani ya Command Prompt ile ile ya msimamizi, anza na hii:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza, fuata na hii:

sfc /scannow

Ya kwanza inatengeneza ghala ambalo Windows huchukulia mafaili ya akiba, ya pili inatumia ghala hilo kurudisha yaliyoharibika. Ukianza na ya pili wakati ghala lenyewe ni bovu, itakuambia imekuta mafaili mabovu lakini imeshindwa kuyatengeneza. Hiyo DISM inahitaji intaneti, na ina tabia ya kukaa mahali pamoja muda mrefu, mara nyingi kwenye 62.3%. Watu hapo huzima mashine. Usiizime. Mimi huiacha, naenda kuswali, nakuta imesogea.

Na antivirasi nayo. Ukisakinisha programu ikakosa DLL yake mwenyewe, ile yenye jina linalofanana na la programu, angalia karantini ya antivirasi, kule inakofungia mafaili inayoyashuku, kabla ya kitu kingine. Kama programu ni halali na umeitoa kwa mwenyewe, unaweza kulirudisha faili. Kama ni ya kuvunjwa, yaani iliyoondolewa ulinzi wa leseni, naomba usikilize antivirasi. Najua bei za leseni, najua mwanafunzi anayefanya utafiti hana hela hiyo, na sitamhukumu mtu. Lakini nimeona laptopu ya mwanafunzi mmoja iliyofungwa mafaili yote na virusi vya kudai fidia siku chache kabla ya kukabidhi tasnifu, na alichokuwa amezima ni antivirasi, kwa sababu maelekezo yaliyokuja na programu yalimwambia aizime. Kwa takwimu kuna programu iitwayo R, na kwa ofisi kuna LibreOffice, zote bure na halali.

Siku hizi nina flashi moja nyekundu ambayo haitumiki kwa kazi nyingine. Ina Visual C++ kuanzia 2008 mpaka ya sasa, x86 na x64, DirectX ya Juni 2010, na KB2999226. Nyingine ina Windows 10 na 11 kwa ajili ya .NET. Kijana yeyote anayeanza ufundi, ningemshauri aanze na hizo kabla ya bisibisi.

Na kama umesoma haya yote, umejaribu, imegoma, na fundi anakuambia tupige Windows, subiri kwanza. Bonyeza kulia alama ya ile programu, chagua kufungua mahali faili lilipo, uangalie ndani ya folda hiyo. Tafuta mafaili yanayoishia na .mdb, .mdf au .ldf, au folda yenye jina kama Data au Backup. Angalia na C:\ProgramData, ambayo imefichwa, kwa hiyo iandike mwenyewe juu kwenye kisanduku cha anwani. Ukikuta faili kubwa ambalo tarehe yake ni ya siku ya mwisho uliyofanya kazi, ndilo hilo. Funga programu, nakili folda nzima kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama imeingia yote, ndipo umkabidhi fundi mashine.