Bob wa 1969, Roberto wa 1970

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ukiwekewa mezani kitu cha zamani na kipya cha aina ileile, utachukua kipi, na kwa nini?" Mimi nakusanya kadi za besiboli, na jibu langu halijabadilika tangu nianze: nachukua ya zamani. Nawaandikia kutoka Milwaukee, jimbo la Wisconsin, tulikohamia mimi na mke wangu kutoka Tanga mwaka 2009.

Kwa msomaji asiyezijua, kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani. Mbele kuna picha ya mchezaji, nyuma kuna takwimu zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni za tumbaku za Marekani zilizitia ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikahamia kwenye pakiti za chingamu, na watoto ndio wakawa wanunuzi. Kampuni iliyokuja kutawala biashara hiyo tangu miaka ya 1950 ni Topps ya Brooklyn, na hao hao ndio waliotoa chingamu ya Bazooka mwaka 1947. Sisi utotoni kila chingamu tuliita bazoka bila kujua jina limetoka wapi. Nilipogundua nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Kadi yangu ya kwanza nilipewa na mzee jirani, baada ya kumsaidia kuondoa theluji mlangoni majira ya baridi yetu ya pili. Ilikuwa ya Hank Aaron, ya mwaka 1976, kona zimechakaa na katikati ina mkunjo. Mzee akaigeuza nyuma, akanionyesha kwa kidole mstari wa kwanza: 1954, Milwaukee. Akashuka nao taratibu. Mwaka 1966 timu inahamia Atlanta, naye anahama nayo. Mstari wa mwisho, 1975, amerudi Milwaukee kucheza na timu nyingine. Misimu 22 kwenye karatasi ndogo kuliko bahasha. Kisha akaniambia kisichoandikwa pale: kwamba Aaron alipokaribia kuivunja rekodi ya Babe Ruth ya mipira 714 iliyovuka uzio, alipokea barua nyingi za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu ni mtu mweusi, na bado tarehe 8 Aprili 1974 alipiga wa 715. Wa mwisho, wa 755, aliupiga hapahapa Milwaukee tarehe 20 Julai 1976. Mzee alikuwepo uwanjani siku hiyo.

Sikuwa nimewahi kutazama mchezo hata mmoja wa besiboli. Sheria zake nilijifunza baadaye, nikianzia nyuma ya kadi ile.

Mpya nazo nimezinunua, msidhani nasema kwa kusikia. Mwanangu alipotimiza miaka 11 aliomba boksi la kadi mpya, nikalipa zaidi ya dola 200. Alilifungua kwa dakika kumi. Ndani mlikuwa na kadi nzuri sana kwa macho, zinang'aa, nyingine picha ni ileile ila imerudiwa kwa ukingo wa buluu, wa kijani, wa dhahabu. Moja ilipigwa muhuri wa namba kuonyesha kwamba zimechapwa 50 tu. Mchezaji wake alikuwa kijana ambaye bado hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Nyuma hapakuwa na misimu ya kusoma. Palikuwa na maneno ya matumaini. Mwanangu akaniuliza, "Baba, huyu atakuwa nani?" Nikakosa jibu, na nafikiri hata walioichapa hawakuwa nalo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wengi wa siku hizi. Anayenunua kadi ya kijana wa namna hiyo ananunua ubashiri. Akiumia bega, akishindwa kupiga mipira ya kasi ya ligi kuu, pesa imekwenda, na kijana mwenyewe anaishia kulaumiwa na watu wasiomjua kwa kuwa hakuwa kile walichokilipia. Hilo linaniuma. Kadi ya Aaron hainidai chochote. Maisha yake ya uwanjani yamekwisha, nayajua yote, nalipia alichokifanya.

Hata uhaba wenyewe si wa aina moja. Muhuri wa "1 kati ya 50" ni uamuzi wa kiwandani: wakitaka wanachapa 50, wakitaka wanabadilisha rangi ya ukingo na kuchapa 50 nyingine. Linganisheni na kadi za Topps za 1952. Zilikuwa 407, zikatoka kwa mafungu. Fungu la mwisho lilichelewa, msimu ukawa unamalizika na akili za watoto zimeshahamia kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, kwa hiyo zikabaki ghalani. Zilikaa humo miaka. Mwaka 1960 Sy Berger, aliyekuwa mmoja wa wabunifu wa kadi hizo, alikwenda kuyatosa masanduku yaliyobaki katika bahari ya Atlantiki, maana hakuna aliyezitaka hata kwa bei ya kutupa. Katika fungu hilo ndimo ilimokuwa namba 311, ya mchezaji nyota Mickey Mantle. Mwaka 2022 nakala moja iliyohifadhika vizuri sana iliuzwa dola milioni 12.6. Uhaba ule haukupangwa na mtu. Ulitokana na watoto waliochoka, akina mama waliosafisha vyumba na kuzitupa, na bahari.

Mimi ya milioni sitaigusa maishani, wala siihitaji. Kadi hupimwa hali yake kwa alama 1 hadi 10, nami hununua za alama 1, 2 na 3, zile ambazo matajiri wanazipita. Kwa dola 90 nilipata Aaron wa 1957, kadi maarufu kwa kosa lake: filamu iligeuzwa wakati wa kuchapa, basi anaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto na namba 44 kifuani imesomeka kinyumenyume. Yangu ina alama za gundi. Nyingine ninayoipenda ni ya mchezaji wa kawaida kabisa, ambaye jina lake halina maana kwa yeyote. Mtoto fulani alikata jina la timu kwa kalamu ya wino na kuandika timu mpya, kwa sababu mchezaji alikuwa amehamishwa katikati ya msimu. Soko linaihesabu kalamu ile kuwa uharibifu. Mimi naiona kama mkono wa mtoto aliyekuwa akifuatilia habari redioni na kutaka kadi yake iseme kweli.

Lakini iliyonishika kuliko zote ni habari ya Roberto Clemente. Alitoka Carolina, Puerto Rico, akaichezea Pittsburgh Pirates tangu 1955 hadi 1972. Kadi zake mbili za mwanzo za Topps zinamwita Roberto. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1969, zinamwita Bob. Yeye hakujiita hivyo wala hakulipenda jina hilo; lilikuwa tu jepesi kwa ndimi za wengine. Mwaka 1970 kadi ikarudi kuandika Roberto. Tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege iliyobeba misaada ya watu wa Nikaragua waliopigwa na tetemeko la ardhi, ndege ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Alikuwa amefikisha mipigo 3,000 kamili. Kadi yake ya 1973 ilitoka yeye akiwa tayari ameshafariki.

Kazini kwangu pa kwanza hapa Marekani niliitwa Ben. Jina langu ni Mbwana. Msimamizi alisema ni gumu, akaandika Ben kwenye kitambulisho, na kwa miaka mitatu niliitikia. Siku niliyoziweka pamoja Bob wa 1969 na Roberto wa 1970, nilikaa nazo kimya mpaka mke wangu akauliza kama kuna msiba nyumbani. Sijui kadi mpya ya dhahabu ingewezaje kunifanya hivyo. Inahitaji kwanza mtu aishi, akosewe, ashikilie lake, na miaka ipite.

Kwa anayetaka kuanza, neno la tahadhari, kwani nimeshaumia. Kwenye mnada mmoja wa mwisho wa wiki niliuziwa kadi yenye kona kali za kupendeza. Nyumbani nikaipima, ikawa fupi: kingo zilikuwa zimenyolewa kwa kisu ili zionekane mpya. Tangu 1957 kadi za Topps zina upana wa milimita 64 na urefu wa 89, basi nenda na rula mfukoni. Beba na kioo cha kukuzia. Picha ya zamani imejengwa kwa vidoti vidogo vya rangi, lakini herufi nyeusi za jina ni wino mzima usiokatika. Ukiona vidoti ndani ya herufi, hiyo ni nakala iliyopigwa picha kutoka kadi nyingine. Na kadi safi mno kwa bei ndogo mno, iache mezani.

Siwabezi wanaopenda mpya. Mtoto anayemfuatilia mchezaji wa leo na kutunza kadi yake anafanya kilekile walichofanya watoto wa 1957, na bila yeye miaka 50 ijayo hapatakuwa na cha zamani cha kukusanya. Ninachopinga ni kumuuzia mtoto huyo boksi la dola 200. Aaron na Clemente walitoka kwenye pakiti ya senti tano.

Mwanangu sasa ana miaka 14. Ile ya muhuri wa 50 bado ipo, ameitia kwenye mfuko wa plastiki, na kila msimu anatazama kama yule kijana amepandishwa ligi kuu. Bado. Mwezi uliopita aliniomba tuanze kuzitafuta Clemente zote, mwaka kwa mwaka. Tumebakiza sita, na ya 1955 itabidi tuiwekee akiba muda mrefu.