Simu imefungwa: ufunguo uko kwa nani?

Barua za wasomaji safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: simu imejifunga. Ukizisoma kwa makini unakuta makufuli manne yasiyo na undugu. La kioo limo ndani ya simu yenyewe. La laini limo kwenye kadi. La akaunti linatunzwa kwenye seva za Google au Apple, na la mtandao au la mkopo liliwekwa na aliyeiuza simu. Kila moja lina mwenye ufunguo wake. Anayeyachanganya hufuta picha za miaka mitano kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa tarakimu nane.

SWALI: Simu yangu iliisha chaji. Nilipoiwasha ikaomba PIN, nikaweka ile ninayofungulia kioo kila siku. Imekataa mara tatu, sasa inadai PUK. Fundi anasema ni lazima aiflashi. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, mwombe akurudishie simu yako. Hilo ni kufuli la laini, na kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, hakugusi laini hata kidogo. Jaribu hivi: toa laini, washa simu ikiwa haina kadi. Ikifunguka kwa PIN yako ya kioo, simu ni nzima.

PIN ya laini ni namba nyingine kabisa, ya tarakimu 4 hadi 8, na huulizwa simu inapowashwa tu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba anayo. Makosa huhesabiwa na kadi yenyewe: 3 kwa PIN, kisha 10 kwa PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyojifunga. Hesabu hiyo imo kwenye chipu ya kadi, kwa hiyo kuzima simu au kuihamishia laini kwenye simu nyingine hakuirudishi nyuma.

PUK ina tarakimu 8. Itafute kwenye kile kipande cha plastiki ambacho laini ilibanduliwa siku ya kwanza. Mara nyingi imechapwa hapo. Kama ulikwishakitupa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa simu nyingine. Watakuuliza maswali ya usajili, kisha watakutajia. Iandike kwenye kisanduku, halafu weka PIN mpya mara mbili. Kisanduku kisipotokea, bonyeza kama unayepiga simu: **05*PUK*PIN mpya*PIN mpya#.

Usibahatishe PUK. Kosa la kumi huiua kadi isifufuke tena. Utabadilishiwa laini na namba utarudishiwa, ila majina yaliyohifadhiwa kwenye kadi ndiyo yamekwenda.

SWALI: Salamu wahariri. Juzi usiku nilibadilisha mchoro wa kufungulia simu yangu ya Android, asubuhi sikuukumbuka. Humo ndani kuna picha za marehemu mama. Ipo namna ya kuifungua bila kufuta chochote?

JIBU: Pole sana. Tuanze na lililo gumu. Kwa simu zilizotoka na Android 10 au matoleo ya baadaye, hakuna fundi anayeweza kulivunja kufuli la kioo picha zikabaki, na anayekuahidi hivyo usimpe malipo ya awali. Picha zimefumbwa, na ufunguo wa kuzifumbua hutengenezwa kwa kuchanganya mchoro wako na siri iliyomo ndani ya chipu ya simu hiyohiyo. Hata hifadhi ikibanduliwa kwenye bodi na kusomwa kwa mashine, kinachotoka ni takataka tupu. Zile video zinazoonyesha kitufe cha "umesahau mchoro" kinachofunguka kwa akaunti ya Google ni za Android 4.4 kurudi nyuma.

Lakini wewe umebahatika kwa jambo moja: umebadilisha juzi tu. Baadhi ya simu mpya za Samsung Galaxy hukubali kufuli la zamani ndani ya saa 72 tangu kubadilishwa. Ukikosea mara kadhaa, angalia chini ya kioo kama kuna pendekezo la kutumia kufuli lililotangulia. Likiwepo, usilale nalo.

Kama halipo, uachie mkono ukumbuke. Kaa ulivyokuwa umekaa usiku ule, shika simu kwa mkono uleule, na uchore kwenye karatasi yenye nukta tisa kabla ya kugusa kioo. Watu wengi huanzia pembe ya juu kushoto na huandika herufi: L, Z, N, S. Michoro inayowezekana ni 389,112, ila ya nukta nne tu ni 1,624, na mtu aliyebadilisha usiku huku macho yanafumba hachori kitu kirefu. Iinamishe simu kwenye mwanga wa pembeni pia. Mafuta ya kidole huacha mstari, mradi hujakifuta kioo. Baada ya makosa 5 simu hukusubirisha sekunde 30, na makosa yakizidi kusubiri hurefuka. Mchoro wa nukta chini ya nne kwa kawaida hauhesabiwi kuwa kosa, kwa hiyo kidole kikiteleza usihangaike.

Wakati unajaribu, tafuta picha mahali pengine. Ingia kwenye photos.google.com kwa kompyuta ukitumia akaunti iliyokuwa kwenye simu. Wengi huwa wamewasha uhifadhi huo bila kujua. Picha zilizotumwa kwa WhatsApp huenda zimo kwenye nakala iliyowekwa katika akaunti ya Google, na zitarudi utakapoisakinisha upya kwa namba ileile. Kama simu ina kadi ya kumbukumbu, itoe uisome kwenye kifaa kingine. Isipokuwa kama kadi hiyo iliwekwa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani: hapo nayo imefumbwa, na ukiifuta simu, kadi haitasomeka tena popote.

Ukifika mwisho wa yote hayo, ndipo uifute. Hakikisha kwanza unaijua anwani ya barua pepe iliyomo na nywila yake. Sababu utaiona kwenye jibu linalofuata. Chaji ipite nusu. Zima simu, kisha shikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia mpaka nembo itokee. Kwenye Galaxy za karibuni vitufe havitasikia mpaka simu iwe imeunganishwa kwa waya wa USB na kompyuta iliyowashwa, na watu wengi hukwama hapo wakidhani vitufe vimekufa. Ukiona kikaragosi cha Android kimelala chali na maneno "No command", shikilia kitufe cha kuwashia, gusa cha kuongeza sauti mara moja, menyu itafunguka. Shuka kwa kitufe cha kupunguza sauti hadi "Wipe data/factory reset", thibitisha kwa cha kuwashia, kisha chagua "Reboot system now". Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa. Usiizime katikati.

SWALI: Nilifuta simu kama watu wanavyoelekeza. Imewaka vizuri, lakini inataka akaunti iliyokuwa imeingizwa humo awali, na haisongi mbele. Nimeifuta tena mara mbili, bado.

JIBU: Hata ukiifuta mara mia. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu inayofutwa kwa vitufe huhesabiwa kuwa huenda imeibwa, na alama ya mwenye akaunti huwekwa mahali ambapo kufuta hakufiki. Kuna funguo mbili: anwani na nywila ya akaunti iliyokuwa humo au, simu ikikupa nafasi hiyo, kufuli la kioo la zamani. Unganisha Wi-Fi kwanza, kwa sababu bila intaneti akaunti haiwezi kuhakikiwa.

Kama nywila umeisahau, irejeshe kupitia accounts.google.com kwa kifaa ulichowahi kuingilia akaunti hiyo, ukiwa mahali unapoitumia kwa kawaida. Google hupima hayo kabla ya kukuamini. Ukishaibadilisha, subiri saa 24 ndipo urudi kwenye simu. Wengi hubadilisha nywila, wakajaribu papo hapo, wakakataliwa, wakabadilisha tena. Kila kubadilisha huanzisha saa upya.

Kama uliinunua mkononi mwa mtu, akaunti ni yake. Aje aiingize mwenyewe. Asikutumie nywila kwa ujumbe. Programu za kuruka kufuli hili hutegemea matundu ambayo masasisho huyaziba, na Android 15 imeyaziba mengi kwa mpigo. Isitoshe, nyingi huja na virusi.

Muuzaji mstaarabu huondoa akaunti kwenye mipangilio kwanza, kisha hufuta simu kutokea humohumo kwenye mipangilio. Wewe mnunuzi, kabla ya kutoa pesa, iwashe ikiwa imefutwa na uifikishe hadi skrini ya nyumbani.

SWALI: iPhone yangu inaandika kwamba haipatikani na inahesabu dakika. Nifanyeje?

JIBU: Acha kubahatisha. Kusubiri huanzia dakika 1, kisha 5, 15, saa nzima, na kuendelea. Mwisho wake simu hujifunga kabisa, au hujifuta yenyewe kama uliwasha chaguo la kufuta baada ya makosa 10. Kama ulibadilisha namba ya siri ndani ya saa 72 zilizopita na simu ina iOS 17 (mfumo wa iPhone) au zaidi, bofya chaguo la kusahau namba pale chini uingie kwa ile ya zamani. Kuanzia iOS 15.2 unaweza pia kuifuta kutokea kwenye kioo hichohicho, mradi kuna intaneti na unaijua nywila ya akaunti ya Apple.

Hayo yakishindikana, tumia kompyuta. Kwa iPhone 8 na za baadaye: zima simu, chomeka waya, bonyeza na uachie sauti juu, bonyeza na uachie sauti chini, kisha shikilia kitufe cha ubavuni. Nembo ya Apple ikitokea usiachie. Achia unapoona picha ya waya na kompyuta, halafu kwenye kompyuta chagua kurejesha. Upakuaji ukizidi dakika 15 simu hutoka kwenye hali hiyo. Subiri umalizike, kisha rudia vitufe. Baada ya hapo itauliza akaunti ya Apple, kama Android inavyouliza ya Google. Tofauti ni kwamba aliyekuuzia anaweza kuiondoa akiwa mbali, kupitia icloud.com, na mwenye risiti halisi ya ununuzi anaweza kuomba msaada wa Apple.

SWALI: Simu inafunguka vizuri, lakini nikiweka laini ya mtandao mwingine inakataa na kudai namba ya kufungua mtandao.

JIBU: Iliuzwa na kampuni ya simu kwa sharti la kutumia laini zake. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, kisha uombe namba ya kufungulia kwa kampuni hiyo. Majaribio ya namba hii yana kikomo, hivyo usiyachezee. Simu ya mkopo ni suala jingine: inatambulika kwenye seva kwa IMEI, na kila ikipata intaneti huulizia hali yake. Ndiyo maana ukiifuta, kufuli hurudi. Ukimaliza deni, mkopeshaji ndiye wa kuliondoa. Iache kwenye intaneti, kisha uiwashe upya.

SWALI: Kwa nini simu hunikatalia kidole baadhi ya asubuhi na kutaka PIN?

JIBU: Haikukatai wewe. Baada ya kuwashwa upya, ufunguo wa kufumbua hifadhi haujatengenezwa bado, na kidole hakiwezi kuutengeneza. Android nyingi huulizia PIN pia kila baada ya saa 72, hata kama hukuizima. Kama inakataa siku yoyote ile, hasa baada ya kuosha vyombo au kubandika kioo kipya cha kinga, futa alama za zamani usajili upya kidole kikiwa kikavu. Kidole gumba kisajili mara mbili: mara moja kikiwa wima, mara nyingine kimelala kama unavyoshika simu kitandani.