Viwavi "walijitia" rangi?

Swali: Mwanafunzi wangu wa biolojia ameandika: "Viwavi walijikusanya makundi makundi, wakajitia rangi kali ili vionye ndege." Nimesahihisha "vionye" tu. Kuna kosa jingine?

Jibu: Hilo ulilisahihisha kwa haki. Kiwavi ana ki- kama kiti, lakini ni kiumbe hai, basi viwavi "huwaonya" ndege, na ndege nao, kwa kuwa wana uhai, wanastahili -wa- yao ndani ya kitenzi: wawaonye.

Kwingine sarufi ni safi, ila inasema uongo. "Wakajitia" inamfanya kiwavi mwenyewe awe mtendaji, kana kwamba ana kopo la rangi. Hakuna aliyejitia kitu. Viwavi wenye ladha mbaya waliozaliwa na rangi ya kuonekana walitambulika upesi, wakadonolewa mara chache, wakaacha uzao mkubwa. Andika "rangi kali ikaenea kizazi hadi kizazi". Na "ili" iachwe, kwani inabeba nia: "rangi inayowaonya ndege" yatosha.

Kiambishi cha kuangalia zaidi ni -ka-. Kinapanga matukio, hili kisha lile, kwa hiyo mwanafunzi ameamua, pengine bila kujua, kwamba kundi lilitangulia rangi. Hapo pana ubishi wa zamani. Mwanaasili Alfred Wallace alimweleza mwenzake Charles Darwin mwaka 1867 kwamba rangi kali humlinda kiwavi kabla hajadonolewa, maana donoo moja tu laweza kumuua. Sasa yule wa kwanza kung'aa alinufaikaje, ikiwa alikufa akimfundisha ndege? Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu na jenetiki, mwaka 1930 alijibu kwamba ndugu zake waliokaa kando ndio waliosalimika. Kwa hoja hiyo, kundi ndilo la kwanza. Lakini mwaka 1988 mwanabiolojia Birgitta Sillén-Tullberg alifuatilia nasaba za vipepeo akakuta kwamba mara nyingi rangi ilianza, kundi likafuata. Mimi ningegeuza sentensi.

"Makundi makundi" ni Kiswahili kizuri, usiguse. Bali "walijikusanya" inanisumbua. Kipepeo aitwaye mweupe mkubwa hutaga mayai rundo moja kwenye jani la kabichi. Viwavi wenye madoa meusi huanguliwa hapohapo wakala ubavu kwa ubavu. Jamaa yake, mweupe mdogo, hutaga moja moja, na kiwavi wake ni wa kijani, vigumu kumwona. Aliyewakusanya wale wa kwanza ni mama yao, basi andika "walikaa".