Swali la lugha: "Alirithi cheo" au "alimrithi babu yake"?

Msomaji anayetafsiri makala kuhusu ukoo wa Hohenzollern, uliotawala Prusia na Ujerumani hadi mwaka 1918, anauliza kama sentensi hii inafaa: "Mwanamfalme Georg Friedrich alirithi cheo kutoka kwa babu yake mwaka 1994."

Kisarufi haina kasoro. Ila inasema jambo ambalo halikutokea.

Katiba ya Weimar, yaani katiba ya jamhuri ya Ujerumani ya mwaka 1919, kifungu cha 109, ilifuta upendeleo wa makabaila na kuviacha vyeo vyao vibaki sehemu ya jina tu. Kwa hiyo "Prinz von Preussen" (neno kwa neno, "Mwanamfalme wa Prusia") ni jina la ukoo. Georg Friedrich alizaliwa nalo mwaka 1976. Hakungoja babu afariki. (Wanawake wa ukoo huo huandikwa "Prinzessin von Preussen".) Kulitafsiri ni kama kumwita Bwana Schneider "Bwana Fundi Cherehani". Austria ilikuwa kali zaidi: mwaka huohuo ilifuta hata "von", yaani "wa" ya majina ya makabaila.

"Mwanamfalme" nalo linapotosha. Huyu ni kilembwe wa Wilhelm II, mtawala wa mwisho wa ukoo huo, na tangu hapo baba, babu wala baba wa babu hakuna aliyepata kutawala. Kwa ukoo ulio madarakani silikatai neno hilo, hata kwa mjukuu. Kwa ukoo ulioondolewa, "wa ukoo wa zamani wa kifalme" ni salama zaidi.

Kilichohama mwaka 1994, babu yake Louis Ferdinand alipofariki, ni ukuu wa ukoo. Ulimfikia mjukuu moja kwa moja kwa sababu baba yake alikwisha kufa mwaka 1977. Andika basi: "Georg Friedrich Prinz von Preussen alimrithi babu yake, Louis Ferdinand, akawa mkuu wa ukoo."

Usiidondoshe "-m-". Kurithi huchukua kitu kilichoachwa (alirithi jumba) au mtu aliyetangulia (alimrithi babu). "Alirithi babu yake" humgeuza babu kuwa mali. Na jihadhari na "mjane wa mfalme alirithiwa": wasomaji wengi wataelewa kwamba ameolewa na shemeji.

Kwa Zanzibar, sentensi yako ingesimama ukitaja usultani badala ya cheo: Jamshid bin Abdullah alirithi usultani tarehe 1 Julai 1963, na pia alimrithi baba yake. Baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964 usultani haukuwapo tena wa kurithiwa. "Sayyid" ya Al Busaid, ukoo wa masultani hao, ni jambo jingine: huja kwa uzawa, huwekwa mbele ya jina, na haihitaji kitenzi cha kurithi.